Somo: Kimchi na bibimbap za kuliwa angani, hatua kwa hatua

Yi So-yeon, mwanaanga wa kwanza wa Korea Kusini, alipoondoka Baikonur tarehe 8 Aprili 2008 ndani ya Soyuz TMA-12, vyakula 10 vya Kikorea vilikuwa vimeshapita ukaguzi wa Warusi: wali, kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili), kimchi ya kukaanga, supu ya doenjang (soya iliyochachushwa), gochujang (rojo ya pilipili iliyochachushwa), tambi za ramyeon, kipande cha saengsik (nafaka na mboga mbichi zilizokaushwa na kusagwa), chai ya kijani, chai ya ginseng nyekundu na sujeonggwa, kile kinywaji cha mdalasini. Katika orodha hiyo kimchi ndiyo yenye vita. Wali ukikosewa unakuwa mgumu, basi. Kimchi ikikosewa inapasua pakiti.

Kimchi ni chakula kilicho hai. Bakteria wake wanaendelea kula sukari na kutoa asidi na gesi hata baada ya pakiti kufungwa. Kwa hiyo kazi nzima ni kuwaua bila kuipika kabichi.

Hatua ya 1: Chachusha, na ujue pa kusimamia

Kabichi ya Kichina kilo 2. Ipasue mara nne, iloweke saa 8 hadi 10 kwenye maji yenye gramu 100 za chumvi kwa kila lita. Kunja uti mweupe wa jani: ukipinda bila kukatika, chumvi imeingia. Suuza mara mbili, chuja saa 2, kisha kata vipande vya sm 2 hadi 3. Hapa tunakata mapema, tofauti na nyumbani, maana kila kipande kiende mdomoni kizima. Jani la kung'atwa nusu linarusha matone, na tone angani halianguki chini. Linaelea mpaka ligonge kitu au jicho la mtu.

Viungo: gochugaru (pilipili nyekundu ya Kikorea iliyosagwa) gramu 70, kitunguu saumu 50, tangawizi 10, figili nyeupe iliyokatwa njiti gramu 300, mchuzi wa samaki ml 60, na uji mwepesi wa gramu 20 za unga wa mchele kwa ml 200 za maji. Changanya, acha nyuzi 20 kwa siku moja, halafu jokofuni nyuzi 4 mpaka kipima pH, yaani kipima ukali wa asidi (namba ikishuka asidi imezidi), kisome kati ya 4.2 na 4.4. Mara nyingi ni wiki mbili hadi tatu, ila fuata kipimo, usifuate kalenda. Ukiwahi, ladha ni ya kabichi mbichi yenye pilipili. Ukichelewa mpaka chini ya 4.0, jani limeshalegea na hakuna hatua ya mbele itakayolirudisha.

Hatua ya 2: Kaza jani

Kwa kila kilo ya kimchi weka gramu 1 ya kalisi laktati (chumvi ya kalsiamu) na gramu 1 ya vitamini C. Kalisi inafunga pektini, ile gundi ya kuta za seli, ndiyo inayobakiza ule mlio wa kutafuna. Ukipita gramu 5 unaanza kusikia uchungu. Vitamini C inapunguza madhara ya oksijeni na ya mionzi kwenye rangi na harufu.

Hatua ya 3: Funga

Tumia pakiti ya tabaka nne: poliesta, nailoni, foili ya alumini, na polipropileni ndani. Chuja maji ya ziada, weka gramu 60, toa hewa, ingiza naitrojeni, bana kwa joto. Futa midomo ya pakiti kabla ya kubana. Hapa ndipo watu wanapoharibu: punje moja ya gochugaru ikinaswa kwenye mshono inaacha njia nyembamba kama unywele, na pakiti inavuja polepole bila wewe kuona. Zamisha pakiti majini, ikandamize, tazama mapovu.

Hatua ya 4: Moto mdogo, baridi kali, mionzi

Pasha nyuzi 60 kwa dakika 30. Joto hilo linapunguza bakteria na kuamsha kimeng'enya kinachoitayarisha pektini ishikane na kalisi. Kisha gandisha hadi nyuzi -70 na upeleke kwenye mionzi ya gama ikiwa bado imeganda. Taasisi ya nishati ya atomiki ya Korea iliyoko Daejeon ilifanya kazi hii kwa dozi ya kGy 25 hivi (kilogray; Gy, yaani gray, ni kipimo cha mionzi, na kGy 1 ni Gy 1,000). Kwa nini igande? Mionzi ikipiga maji huzaa chembe kali zinazozunguka na kushambulia rangi, harufu na pektini. Kwenye barafu hazina pa kukimbilia. Ukipiga kimchi isiyoganda kwa dozi hiyohiyo, unafungua pakiti unakuta majani laini yenye harufu isiyoeleweka.

Hatua hii ni ya kituo chenye leseni tu.

Hatua ya 5: Ngoja

Weka pakiti kwenye nyuzi 35 kwa siku 14. Moja ikivimba, mzigo wote umekataliwa.

Bibimbap

Huu ni wali wa Kikorea unaochanganywa na mboga, nyama na gochujang, na ni rahisi zaidi. Pika wali, suuza haraka kuondoa utelezi, poza kwa feni, peleka friza moja kwa moja. Usiulaze jokofuni: kwenye nyuzi chache juu ya sifuri wanga unajipanga upya na punje inabaki na kiini kigumu hata ukiiloweka nusu saa. Karoti, spinachi, uyoga na nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyokaangwa na kukamuliwa mafuta vigandishwe kando, kwa kasi, kisha vyote vikaushwe kwenye mashine ya ombwe.

Kiasi cha maji ya kurudishia kinatoka kwenye mzani. Gramu 100 za wali uliopikwa zikibaki 36, yametoka maji gramu 64, basi lebo iseme ml 65 hadi 70, nyuzi 70, dakika 15.

Gochujang na mafuta ya ufuta vikae kwenye pakiti yao ndogo. Usivikaushe: gochujang ina sukari nyingi, inaporomoka ndani ya ombwe na kugeuka gundi. Mafuta nayo yakienea kwenye wali mkavu wenye vitundu yanachacha mapema. Zaidi ya hapo, gochujang ndiyo inayoshikanisha punje zisitawanyike, kwa hiyo ichanganywe ndani ya pakiti, kwa kuikanda, kabla ya kufungua.

Maswali ya wanachama

*Mpishi wa Moro:* Mwalimu, sina mionzi, nina sufuria ya presha ya kufungia makopo. Nikipiga nyuzi 121 je?

*Jibu:* Utapata mchuzi wa kimchi, si kimchi. Bora utengeneze ya kukaanga, ambayo jani lake linatarajiwa kuwa laini. Ikiwa pH ni chini ya 4.6 na hakuna nyama, nyuzi 85 katikati ya pakiti kwa dakika 10 zinatosha. Ukiongeza nyama asidi inapungua, na hapo 121 si hiari tena, kwa sababu ya botulinum, bakteria mwenye sumu ya kuua.

*Binti Pangani:* Ile mashine ya mionzi ya Tanga iliyohasi mbung'o wa Unguja haiwezi kutusaidia?

*Jibu:* Swali zuri dada, lakini hesabu inakataa. Kuhasi mbung'o ni Gy mia na kitu. Hapa tunataka Gy 25,000.

*Juma K.:* Ramyeon inaivaje bila maji ya kuchemka?

*Jibu:* Tambi ziwe nyembamba na ziongezewe wanga wa viazi, unaoanza kuvimba kwenye nyuzi 60 na kidogo. Mchuzi upunguzwe ubaki wa kupaka tu. Supu nyingi ndani ya pakiti iliyofunguliwa ni usumbufu.

*Mzee wa Moshi:* Nawafungia wageni wa Kilimanjaro chakula kikavu. Bibimbap hii itafaa?

*Jibu:* Itafaa sana, mzee wangu. Kule Uhuru maji yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi, na wali huu unataka 70 tu. Ila usijaze naitrojeni. Hewa ya kileleni ina nusu hivi ya mgandamizo wa pwani, pakiti itavimba kama puto na mshono dhaifu utaachia. Vuta hewa yote, pakiti ibane chakula.

*Binti Pangani:* Na chumvi, tuongeze kwa kuwa angani ladha hupungua?

*Jibu:* Hapana. Maji ya mwili yanapanda kichwani, pua inaziba, kinachopotea ni harufu. Chumvi nyingi inazidi kuitoa kalisi mwilini, na mifupa ya wanaanga tayari inapungua. Ongeza gochujang, au saumu.