Namna ya kumtambua tapeli anayejifanya ofisa wa kodi

Mfanyabiashara mdogo wa Tanzania anayelipa kodi ya makadirio kwa awamu nne anajua tarehe zake: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tapeli naye anazijua, na ndiyo maana simu yake huingia siku ambazo mwenye duka tayari ana wasiwasi, akiambiwa kwamba anadaiwa, kwamba duka litafungwa jioni hiyohiyo, ila mambo yanaweza kumalizwa akituma kiasi fulani sasa hivi.

Kabla ya kujibu lolote, uliza namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba, kwa sababu kodi ya serikali hulipwa kwa namba hiyo, benki au kwa simu, wala haipiti kwenye laini ya mtu binafsi. Kwenye simu, kodi hulipwa kupitia sehemu ya malipo ya serikali. Ukielekezwa kwenye “tuma pesa”, kata simu. Hata ukipewa kontroo namba, usiilipe kabla ya kuhakikisha kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba imetolewa kwa jina lako na kwa deni lako, maana namba inaweza kuwa halali kabisa na deni likawa la mtu mwingine.

Anayekuja dukani mwenyewe ni mgumu zaidi kumkataa, kwani maofisa wa kweli nao hutembelea maduka. Omba kitambulisho, andika jina na ofisi anayotoka, kisha piga namba ya ofisi hiyo uliyoitafuta mwenyewe, siyo anayokupa yeye. Fedha taslimu usimpe, hata akiwa ofisa halisi.

Kuna pia vishoka wanaosubiri nje ya ofisi za kodi wakitoza fedha kwa ajili ya TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, ambayo hutolewa bure. Hasara kubwa hapo, kwa maoni yangu, si hiyo fedha: kishoka akikusajili kwa namba yake ya simu, taarifa za kodi yako zitakuwa zinamfikia yeye.

Nywila ya akaunti yako ya kodi na namba ya siri ya simu usimtajie yeyote. Ujumbe wa kitapeli usiufute. Upeleke kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili hiyo, na kama fedha zimeshatoka, wapigie mara moja watoa huduma wa mtandao wako uwaombe wauzuie muamala, kisha nenda polisi ukiwa na ujumbe wenyewe.