Kuingia Ubuntu ya Kampala kwa Windows ya Arua, na ile skrini nyeusi

Hajjati ana duka la vitambaa Kisenyi, Kampala, ila mwenyewe anaishi Arua. Hesabu zote ziko kwenye kompyuta ya kaunta yenye Ubuntu 22.04 (aina ya Linux), yeye ana laptopu ya Windows. Alitaka kuangalia mauzo bila kupanda basi la usiku. Nikamwambia ni kazi ya saa moja. Ikala jioni tatu.

Hatua ya 1: xrdp (inayopokea anayeingia kwa mbali) na Xfce (eneokazi atakaloliona), kwenye kompyuta ya duka

sudo apt install xrdp xfce4
sudo adduser xrdp ssl-cert
sudo systemctl restart xrdp

Wengi huruka mstari wa pili. Ndio unaoiruhusu xrdp kusoma ufunguo wa kuficha mawasiliano. Xfce ni nyepesi. GNOME, eneokazi la kawaida la Ubuntu, juu ya bando la simu ni kujitesa. Kama uliwahi kuwasha ile huduma ya Ubuntu yenyewe ya kutazama skrini kwa mbali, izime, maana nayo hukalia poti 3389, mlango uleule wa xrdp, na zitagombana.

Hatua ya 2: poti 3389 isionekane na dunia

Hapa sibembelezi mtu. Mwaka 2019 lilipotangazwa tundu la BlueKeep kwenye Remote Desktop (programu ya Windows ya kuingia kwa mbali), Windows 7 zilizoachwa wazi ziliweza kuingiliwa bila hata nenosiri. Yako ni Linux, sawa, lakini roboti za kubahatisha nenosiri hazichagui.

Tena kwa laini nyingi za simu hata ukitaka kufungua poti huwezi. Ukiona ruta imepewa anwani kati ya 100.64 na 100.127, jua unagawana anwani moja ya nje na wateja wengine.

Mimi natumia WireGuard, aina ya VPN, kupitia seva ndogo ya kukodi, pande zote mbili zinakutana hapo. Hii si VPN ile tuliyoijua wote mwaka 2018 kukwepa kodi ya mitandao ya kijamii Uganda, shilingi 200 kwa siku. Hii ni njia ya uchochoroni kati ya mashine zako tu. Kutengeneza funguo ni rahisi, sitaeleza. Kumbuka mawili: kwenye seva washa net.ipv4.ip_forward ili ipitishe mawasiliano ya pande mbili, na pande zote mbili weka PersistentKeepalive = 25, la sivyo laini ikikaa kimya duka halifikiki.

Kisha fayawoli ya duka, kwa mpangilio huu huu (wg0 ni njia ya WireGuard; poti 22 ni ya ssh, yaani kuandika amri kwa mbali):

sudo ufw allow in on wg0 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow in on wg0 to any port 3389 proto tcp
sudo ufw enable

Ukianza na wa tatu ukiwa mbali, umejifungia nje.

Hatua ya 3: pima njia kwanza

Kwenye PowerShell ya Windows (10.8.0.2 ndiyo anwani ya duka ndani ya WireGuard):

Test-NetConnection 10.8.0.2 -Port 3389

Ikijibu True, mtandao hauna kosa, uache.

Hatua ya 4: skrini nyeusi

Hajjati alifungua Remote Desktop ya Windows, akaandika nenosiri, likakubaliwa, kisha giza. "Fundi, mimi naona usiku tu." Nikasakinisha xrdp upya mara nne. Nikalaumu laini, nikalaumu Windows. Jioni ya tatu nikaingia kwa ssh nikaandika:

loginctl list-sessions

Akaunti ya "duka" ilikuwa hapo, mbele yake seat0. Yaani mtu bado ameketi kaunta! Kumbe binti wa mauzo, akifunga duka, huzima kioo tu na kuondoka. Akaunti inabaki wazi usiku kucha, na Ubuntu haipendi mtu mmoja afungue eneokazi mara mbili, huku na kule.

Unaweza kumwomba binti atoke kwenye akaunti kila jioni. Atasahau. Mimi nilimfungulia Hajjati akaunti yake, nikaingia humo na kuandika:

echo xfce4-session > ~/.xsession

Mafaili ya hesabu nikayaweka kwenye folda ambayo akaunti zote mbili zinaifikia. Ila wasifungue daftari moja kwa wakati mmoja: anayehifadhi mwisho anaweza kufuta kazi ya mwenzake. Tumekubaliana Hajjati asome tu, na binti ndiye anayeandika.

Akaunti ni tofauti na bado ni giza? Fungua /etc/xrdp/startwm.sh, na juu ya mistari inayoanzisha eneokazi ongeza:

unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS
unset XDG_RUNTIME_DIR

Ikikataa tena, soma ~/.xsession-errors kabla ya kusakinisha chochote upya.

Hatua ya 5: wepesi

Kwenye mipangilio ya Remote Desktop ya Windows shusha rangi ziwe biti 16 na uondoe picha ya ukutani.

Hatua ya 6: umeme

Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Ubuntu haijaamka), uiambie kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Hili halifanyiki kwa mbali. Nilipanda boda hadi Kisenyi, mvua ikinyesha, kubadilisha neno moja.