Kagua njia ya hewa kabla ya kuongeza presha ya tabo

Dereva anayetoka Tanga mjini na mzigo, akapita Segera na Mombo ili apande Lushoto, akiona gari limeishiwa nguvu mlimani huwa mwepesi wa kumtaka fundi aongeze presha ya tabo, yaani kifaa kinachobana hewa na kuisukuma ndani ya injini. Namsihi asubiri. Nguvu ya injini hutokana na uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda, kwa kuwa kilo 1 ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Geji ya presha haipimi uzito huo, bali hupima msukumo wa hewa iliyojazana ikisubiri kuingia.

Tuseme joto ni nyuzi 30 na tabo inasukuma baa 1 juu ya presha ya angani, yaani presha imekuwa maradufu. Hewa iliyobanwa hupata joto, na tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 huitoa ikiwa na nyuzi zipatazo 125. Kwa kuwa hewa ya moto hutanuka, uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda huongezeka kwa takriban nusu tu. Ikipita kwenye intakula safi, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, ikapoa hadi nyuzi 50, ongezeko hukaribia asilimia 88, ingawa geji inasoma baa 1 ileile. Hapo ndipo nguvu nyingi hupotea bila mtu kujua.

Basi anza kwa kuosha intakula, kisha kagua chujio la hewa, hasa kama gari hubeba saruji au hupita mashamba ya mkonge wakati wa vumbi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, ziba mdomo wa bomba la kuingizia hewa, jaza upepo wa kompresa usiozidi baa 1, halafu paka povu la sabuni kwenye kila mpira na kila klipu. Panapotoa mapovu panavuja.

Presha iwe ya mwisho kuguswa. Lushoto, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, presha ya angani hushuka hadi kama baa 0.85, hivyo tabo hulazimika kuzunguka kasi zaidi ili geji isome baa 1. Ukipandisha presha ukiwa Tanga, mlimani tabo inaweza kuvuka kasi inayoweza kuhimili. Kwa hiyo usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.