Homa ya mafua: namna ya kuifuatilia siku kwa siku

Andika siku na saa homa ilipoanza. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayomsaidia daktari zaidi, kwa sababu oseltamivir, dawa ya virusi vya influenza vinavyoleta homa ya mafua, hufaa hasa ndani ya saa 48 za mwanzo.

Virusi viliingia siku 1 hadi 4 kabla, vikazaliana kwenye seli za utando wa pua, koo na njia ya hewa. Mgonjwa huanza kuambukiza siku moja kabla ya dalili na huendelea siku 5 hadi 7, watoto hata zaidi. Mlaze peke yake, madirisha wazi.

Siku 3 za kwanza ndizo ngumu: homa ya ghafla, mara nyingi nyuzi 38 hadi 40, kichwa na viungo kuuma. Maumivu hayo huletwa zaidi na kemikali za kinga ya mwili inayopigana. Penye malaria, pima kwanza. Mwanzoni magonjwa haya mawili hayatofautiki kwa macho.

Mtu mzima anywe paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Dawa nyingi za mafua za mchanganyiko zina paracetamol ndani yake, na hapo ndipo watu huzidisha dozi na kuumiza ini. Soma pakiti. Mtoto hupewa kwa uzito wake, na aliye chini ya miaka 18 asipewe aspirini: inaweza kumletea ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo.

Kuanzia siku ya 4 homa hushuka. Kikohozi kinaweza kubaki wiki 2 au zaidi, kwani utando uliochubuka unaota upya. Antibiotiki hazikiharakishi kupona.

La kuogopwa ni homa iliyokwisha kisha ikarudi, pamoja na kichomi au makohozi mazito. Bakteria wamepata upenyo kwenye utando ule uliochubuka, na huenda ni nimonia. Hapo antibiotiki zina kazi, kwa maelekezo ya daktari.

Kwa mtoto, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 (miezi 2 hadi 11) au 40 (mwaka 1 hadi 5), au mbavu zikibonyea anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Midomo ikigeuka bluu au mgonjwa akichanganyikiwa, ni dharura.

Mjamzito, mzee, mwenye pumu au selimundu asisubiri dalili hizo; aende siku ya kwanza.