Kutafuta dhahabu katika makorongo makavu ya Dodoma: somo la kwanza

Anayeanza kazi hii huchukua beleshi na kufukua mchanga wa katikati ya korongo, kwa kuwa ndio mwingi na ndio laini. Mimi nami nilifanya hivyo kwa siku mbili nzima, nikaambulia maumivu ya mgongo. Mchimbaji mmoja mzee, aliyekulia jirani na Sekenke huko Singida, machimbo yaliyotoa dhahabu ya sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, alinicheka sana, kisha akanikabidhi kijiko cha chai na kunionyesha ufa wa mwamba.

Kabla ya kijiko, kibali. Sheria ya Madini, Sura ya 123, hairuhusu mtu kutafuta madini bila leseni, hata kama anajiburudisha tu. Kwa hiyo fanya kazi ndani ya eneo la mwenye leseni, kwa ridhaa yake ya maandishi. Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, hivyo uliza kwanza iwapo korongo lako limeruhusiwa.

Hatua ya kwanza ni kulisoma korongo. Dhahabu ina uzito wa mara 19 hivi wa maji yenye ujazo uleule, ilhali mchanga wa kawaida haufikii mara tatu. Kwa hiyo mafuriko yanapopungua nguvu, dhahabu hutangulia kutua. Tafuta upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, penye mizizi ya mti, na hasa mahali mwamba ulipojitokeza ukiwa na nyufa zinazokingama na mkondo. Kwangua ufa hadi chini kabisa, ukimalizia kwa brashi, maana chembe nzito hukaa kwenye tope gumu la mwisho ambalo wengi huliacha.

Hatua ya pili ni kuanika na kuchekecha. Udongo ukiwa na unyevu hata kidogo, chembe hunata.

Hatua ya tatu, kwa kuwa maji kwetu ni ya kununua, ni kupepeta kwa ungo juu ya turubai. Aliyewahi kupepeta uwele ana mkono tayari, ila asisahau kwamba hapa anachokitaka ni kile kizito kilichobaki, na kwamba upepo mkali wa Julai hubeba hata dhahabu iliyo bapa kama ganda la kitunguu.

Hatua ya nne ni karai. Weka mabaki ndani ya karai, lizamishe kwenye beseni, vunja mabonge ya udongo kwa vidole, kisha litikise kushoto na kulia mpaka vizito vishuke. Liinamishe kidogo, uache maji yachukue tabaka la juu. Tikisa tena, inamisha tena, bila haraka, hadi ubaki mchanga mweusi. Tone moja la sabuni huzuia chembe ndogo kuelea. Maji ya beseni yakituama, yatumie tena.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Swali: Mwalimu, nitajuaje kwamba ninachokiona si ulanga, yale madini ya magamba yanayometameta?
Jibu: Kinga jua kwa kiganja. Ulanga hupoteza mng'ao kivulini, dhahabu haibadiliki. Kisha ibonyeze kwa sindano: dhahabu hubonyea, ulanga hubanduka vipande, pairaiti, madini mengine ya manjano yanayofanana na dhahabu, husagika.

Swali: Je, sumaku inafaa kuondoa mchanga mweusi?
Jibu: Inafaa, baada ya kuukausha. Ifunge sumaku kwa karatasi, na urudie mara kadhaa, kwani mchanga unaponyanyuka kwa bonge hubeba chembe katikati yake.

Swali: Shikamoo mzee. Kwa nini tusitumie zebaki kama wenzetu wa mialoni, kule wanakoosha dhahabu?
Jibu: Marahaba. Mvuke wake huharibu ubongo na figo, na kinachomwagika huishia kwenye madimbwi wanakokunywa ng'ombe. Kwa kiasi chetu kidogo, karai linatosha.

Swali: Naweza kuingia korongoni Januari?
Jibu: Usiingie. Mvua ikinyesha milimani, maji hukufikia ungali chini ya jua kali. Subiri mvua zikome, mwezi Mei, urudi kwenye nyufa zilezile, kwa kuwa mafuriko yatakuwa yamezijaza upya. Ukimaliza, fukia shimo lako siku hiyohiyo; mifugo hupita humo usiku.