Jinsi ya Kuomba Kazi Yako Iondolewe Mtandaoni kwa Sheria ya DMCA

Mtu akipakia picha, makala, wimbo au programu yako bila ruhusa, si lazima uanzie mahakamani. Kifungu cha 512 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani, kilicholetwa mwaka 1998 na DMCA (Digital Millennium Copyright Act, sheria ya hakimiliki za kidijitali), kinaipa kampuni inayohifadhi maudhui ya wateja wake kinga dhidi ya madai ya fidia, kwa sharti kwamba ikipokea notisi halali iondoe haraka kinacholalamikiwa. Kwa hiyo notisi iliyokamilika hushughulikiwa, na yenye mapengo huishia kwenye kapu. Kuituma ni bure. Huhitaji wakili, uraia wa Marekani, wala cheti cha usajili wa kazi.

Hatua ya 1: Hakikisha haki ni yako

Picha uliyopigwa na mtu mwingine kwa kawaida ni ya aliyeipiga, hata kama sura ni yako. Kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa mara nyingi ni ya mwajiri. Matumizi mabaya ya nembo, kashfa na uvunjaji wa faragha vina taratibu zake, usivilete huku. Pima pia kama aliyetumia kazi yako amenukuu kwa ajili ya uhakiki, mafunzo au habari. Mwaka 2015, katika kesi ya Lenz dhidi ya Universal, Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya Kanda ya 9 iliamua kwamba mlalamikaji lazima atafakari hilo kabla ya kutuma notisi. Anayedanganya kwa kujua anaweza kudaiwa hasara pamoja na gharama za mawakili.

Hatua ya 2: Tunza ushahidi

Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe. Weka faili lako la asili bila kulihariri. Fanya haya kabla ya kumwandikia aliyepakia, maana wengi wakishtuka hufuta, kisha hupakia upya kwa jina jingine.

Hatua ya 3: Mpate mpokeaji sahihi

Mitandao mikubwa ina fomu yake, itumie. Kwa tovuti inayojitegemea kazi ni ngumu kidogo. Rekodi za WHOIS (daftari la wazi la usajili wa majina ya tovuti) hukuonyesha aliyeliuza jina hilo, naye mara nyingi siye anayehifadhi mafaili. Tafuta anwani ya IP ya tovuti (namba inayotambulisha seva yake), kisha angalia IP hiyo imesajiliwa kwa kampuni gani. Ukikuta ni huduma ya kati inayoficha seva halisi, iandikie. Kwa kawaida hupeleka lalamiko kwa mwenye seva. Ukishaijua kampuni, tafuta wakala wake wa kupokea notisi katika orodha ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, dmca.copyright.gov. Kampuni hutakiwa kuhuisha usajili huo kila baada ya miaka 3.

Kumbuka kwamba ukiomba kwenye injini ya utafutaji, kinachoondoka ni kiungo kwenye matokeo. Ukurasa wenyewe unabaki palepale.

Hatua ya 4: Andika notisi

Sheria inataka mambo 6: sahihi yako (jina lililochapwa hukubalika kama sahihi ya kielektroniki), kazi yako ni ipi, nakala isiyo halali iko wapi, anwani, simu na barua pepe yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuruhusiwa na mwenye haki, wakala wake wala sheria, na tamko kwamba maelezo ni sahihi, na kwamba, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, wewe ni mwenye haki au umeidhinishwa naye.

La tatu ndilo huangusha wengi. “Tovuti yote imejaa picha zangu” haitoshi. Andika kiungo kamili cha kila ukurasa, kimoja kwa mstari, na mbele yake kiungo cha kazi yako ya asili. Andika kwa Kiingereza, bila matusi na bila historia ndefu ya ugomvi.

Hatua ya 5: Tuma, kisha fuatilia

Sheria inasema “haraka” bila kutaja idadi ya siku. Jina na mawasiliano yako yanaweza kumfikia unayemlalamikia, na baadhi ya kampuni hupeleka nakala kwenye Lumen, hifadhi ya wazi ya notisi za aina hii. Kama una anwani ya ofisi, tumia hiyo badala ya ya nyumbani.

Hatua ya 6: Akipinga

Ambaye alichopakia kimeondolewa anaweza kutuma notisi ya kupinga. Hapo kampuni huirudisha kazi kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa uiarifu kwamba umefungua kesi. Kesi inaweza kuwa ya mahakama ya shirikisho, au shauri mbele ya Bodi ya Madai ya Hakimiliki iliyoanza 2022, ambayo fidia yake haizidi dola 30,000, na mlalamikiwa ana siku 60 za kujitoa. Mlalamikiwa akiishi nje ya Marekani, bodi hiyo haikufai. Mahakamani, kazi ya Marekani lazima iwe imekwisha kusajiliwa kabla ya kesi. Kazi ya nje haibanwi na sharti hilo, ila isiposajiliwa mapema, fidia ya viwango vilivyowekwa na sheria huipati. Utalazimika kuthibitisha hasara yako halisi au faida aliyoipata mwenzako.