Kabla hujanunua skii za mtumba, zibane
Nina kilo 84, naishi Oslo, na skii zangu za kwanza za kuskeiti (vibao virefu vya kuteleza thelujini kwa kusukuma miguu kando, kushoto na kulia) nilizinunua kwa mzee mwembamba kuliko mimi. Nilijuta. Kila nikisukuma mguu kwenye vilima vya Nordmarka, msitu ulio kaskazini mwa jiji, skii ililala kama chapati, hainirudishii nguvu hata chembe.

Siku hizi napima hivi. Kutanisha skii mbili kwa pande zake za chini, kisha zibane katikati kwa mkono mmoja. Zikifungana bila kubisha, ziache: ama zilitengenezewa mtu mwepesi, ama zimechoka, maana upinde, yaani ule mwinuko wa katikati ya skii, hupungua kwa miaka na kilomita. Halafu simama juu ya moja, sakafu iwe sawasawa, uzito wako wote, na mwenzako apitishe karatasi chini ya wayo. Ikikwama kabisa, ni laini mno kwako.

Ngumu kupindukia nazo ni balaa. Kwenye theluji iliyoganda zinakwenda vizuri. Kwenye theluji mpya ncha huzama, unayumba kama mlevi.

Umri peke yake haunitishi. Jozi ya miaka 10 yenye upinde wake naichukua. Zile za mzee? Anazifurahia jirani yangu, mwenye kilo 60.